Jina Chini ya Karatasi ya Ukuta

Sehemu ya Saba

Tulimwacha juu ya ngazi, na ngazi yenyewe ilikuwa inatikisika. Tumwahi kabla hajaanguka.

Lorelle Tadgell alikuwa na bapa la kukwangulia mkono wa kulia. Mkono wa kushoto alikuwa ameubandika ukutani, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe kutoka upande wa pili. Chini ya kiganja hicho, juu ya lipu ambayo haikuwa imeona mwanga kwa miaka na miaka, palikuwa na jina lililoandikwa kwa penseli.

Lorelle.

Jina lake mwenyewe. Na mwandiko ulikuwa wa mama yake, marehemu Hazel, aliyezikwa Queenstown kule kwenye migodi ya shaba miezi kumi na minne iliyopita. Hazel huyo alimwapia kila aliyemuuliza kwamba maishani mwake hajawahi kutia mguu mji huu wa Hobart.

"Mama Pazia! Umeona panya?"

Huyo ni Tavita, Msamoa mwenye mabega ya kubebea kabati, aliyepaka rangi nyumba za watu miaka kumi ndipo akaamua naye atafute cheti. Alikuwa chini ya ngazi na pai yake ya kombe wa baharini mkononi. Jina la Mama Pazia alikuwa amempa Lorelle siku ya kwanza ya masomo, aliposikia kwamba dada huyu wa miaka thelathini na tisa ameacha kazi ya kushona mapazia ya hoteli ili aje kukaa darasani na watoto.

Lorelle alizidi kukandamiza kiganja ukutani.

"Dada, shuka. Umekuwa mweupe kuliko lipu."

Alishuka. Tavita akaiweka pai dirishani, akapanda yeye, akasoma. Akasoma tena. Wanafunzi wengine, sita kwa jumla, waliacha kukwangua.

"Mtu ameandika jina lako humu."

"Naona."

"Na tarehe. Umeiona tarehe?"

Hakuwa ameiona. Jina lilikuwa limemmaliza.

"Tarehe tisa Agosti, elfu moja mia tisa sabini na mbili," Tavita alisoma. Kisha akamgeukia. "Wewe umezaliwa mwaka gani?"

"Sabini na saba."

Chumba kizima kilihesabu kimoyomoyo. Tavita akashuka ngazi polepole, na safari hii hakuwa na mzaha wowote.

"Basi dada yangu," alisema, "huyu si wewe."

Lorelle akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Maana pale pale alikumbuka jambo. Nyumbani Queenstown mama yake alimwita Lolo. Asubuhi Lolo, mchana Lolo, akiwa na hasira Lolo. Jina lake zima, Lorelle, mama alilitamka nyakati chache sana, jioni, akiwa amesimama peke yake dirishani na kitambaa alichokuwa akishona kimemwanguka miguuni. "Lorelle," angesema, kwa sauti ya kumbembeleza mtu. Na mtoto akiitika, "Nipo hapa, Mama," Hazel alishtuka kama aliyeitikiwa na asiyemtarajia.

Miaka yote hiyo Lorelle alidhani mama anaota macho wazi. Kumbe alikuwa anamwita mwingine.

"Mnasikia harufu?" aliuliza msichana mmoja. "Kama maziwa yanachemka."

Walisikia wote. Huko juu hakukuwa na jiko. Dirisha nalo lilikuwa limepigiliwa misumari kwa ndani, misumari minne ya zamani iliyoshika kutu.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Nani amefungua chumba hiki?"

Alikuwa Verity Saltmarsh, Mkuu wa Chuo, bado amevaa koti la safari. Alitakiwa kuwa Melbourne mpaka Ijumaa. Mwanamke mrefu, mwembamba, wa miaka arobaini na minne, nywele zimekatwa kama kwa rula. Chuo hiki cha upambaji wa nyumba ni chake na nyumba ni yake: nyumba ya mawe ya mtaa wa Battery Point yenye vyumba tisa, wanafunzi kumi na watano, na mlango mmoja wa juu uliokuwa ukifungwa kwa ufunguo tangu chuo kianze.

Mwalimu Quilty, aliyekuwa akisimamia somo, alijikohoza. "Mimi, Verity. Nilitaka wajifunze matabaka. Kila karatasi ya ukuta ina zama zake. Chumba hiki ndicho pekee ambacho hakijaguswa, nikaona..."

Verity hakumsikiliza. Alikuwa ameuona ukuta. Aliusogelea hatua mbili na kusimama, na wote wakaona mkono wake ukitafuta kitu cha kushika hewani.

Kisha akajikaza.

"Tavita, stoo kuna ndoo ya rangi nyeupe. Ikifika saa sita mchana nataka ukuta uwe mweupe. Wengine wote, chini. Darasa limekwisha."

"Mimi siondoki," alisema Lorelle.

"Utaondoka. Kama si chumbani, basi chuoni kabisa. Chagua."

Akatoka. Viatu vyake vilisikika ngazini, kwanza polepole, halafu mbio.

Wanafunzi walikusanya vifaa vyao kwa kunong'ona. Tavita aliinama kumwinua Lorelle.

"Kuta zina masikio, nilifundishwa," alimnong'oneza. "Huu una mdomo. Mfuate yule mama. Mtu haogopi jina la mtu baki namna ile."

Lorelle alimfuata.

Ofisi ya Mkuu ilikuwa chumba cha chini cha mbele. Ni humo Lorelle alimofanyiwa usaili mwezi wa pili, na usaili wenyewe ulimsumbua tangu siku ile. Alikuwa amekuja na jalada la kazi zake, ubao wa sampuli za vitambaa alioubandika kwa wiki tatu, na michoro ya sebule aliyoifuta na kuichora mpaka karatasi ikatoboka. Verity hakufungua jalada. Hakuugusa ubao. Maswali yake yote yalikuwa ya ajabu. *Mama yako ndiye aliyekufundisha kushona? Alikuwa mpole? Alikuwa anaimba akifanya kazi?*

Na kabla ya hapo, zile barua mbili. Ya kwanza ya kukataliwa, mistari miwili tu. Ya pili, siku nne baadaye, ya kukubaliwa.

Lorelle aliingia bila kugonga.

"Kwa nini mlinikataa?"

Verity alikuwa amempa mgongo. "Si wakati wake."

"Kwa nini mlinikataa, halafu mkanikubali?"

"Kazi yako ilikuwa nzuri."

"Hukuiangalia!"

Nje, seremala wa jirani alikuwa anapiga msumari, akiacha, akipiga tena.

"Mama yangu alikufa," alisema Lorelle. "Kwenye kikapu chake cha kushonea, chini ya vifungo, nilikuta tangazo la chuo hiki limekatwa gazetini. Lina picha ya nyumba hii. Na dirisha la juu, lile lile la misumari, amelizungushia duara la penseli. Ndiyo maana niliomba nafasi hapa. Nilidhani ananiambia nikasome. Sasa nakuta jina langu ukutani, miaka mitano kabla sijazaliwa, na wewe unataka kulipaka rangi. Bi Verity, mimi sina mzazi mwingine wa kumuuliza. Nakuuliza wewe. Mama yangu alifanya nini kwenye nyumba hii?"

Verity aligeuka. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Alizaa," alisema.

Akavuta mtoto wa meza, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha karatasi moja yenye mhuri wa serikali.

"Hii ilikuwa nyumba ya kuwafichia wasichana wenye mimba. Wasichana wasio na waume. Wazazi waliwaleta usiku wa kuamkia Jumatatu, wakawachukua matumbo yakiwa matupu, na majirani wakaambiwa binti alikuwa kwa shangazi. Mama yangu Enid ndiye aliyekuwa metroni, msimamizi wa wasichana hao. Nasema mama yangu. Ndiye aliyenilea. Soma."

Cheti cha kuzaliwa. Tarehe tisa Agosti, 1972. Mtoto wa kike. Mama: Hazel Burridge, umri miaka kumi na saba. Baba: mstari mtupu.

Jina la mtoto: Lorelle.

"Sheria ya watoto waliolelewa na wengine ilipobadilika nikaomba cheti changu cha kwanza," alisema Verity. "Nikajua kwamba kabla ya kuwa Verity nilikuwa mtu mwingine, kwa siku moja. Miaka ishirini nimekaa na karatasi hii. Halafu siku moja nafungua maombi ya wanafunzi, nakuta mwanamke wa Queenstown ameandika, *nilifundishwa kushona na mama yangu, Hazel Burridge kabla ya kuolewa*. Nikatazama jina la mwombaji."

Alicheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe.

"Nikakukataa kwa hasira. Nikakukubali kwa sababu sikulala siku nne. Nilitaka nimwone. Nilitaka nimwone mtu aliyepewa jina langu baada ya mimi kutupwa."

"Hukutupwa."

"Alinigawa! Enid ameniambia tangu nina akili. Msichana alisaini kwa mkono wake, hakutaka hata kunishika, akaondoka. Halafu akazaa mwingine akampa jina langu, kama mtu anayehamisha pazia dirisha hili kwenda lile!"

Maneno yale yalimchoma Lorelle, maana hata yeye yalikuwa yakimzunguka kichwani tangu aliposhuka ngazi. Kwamba maisha yake yote ameketi kwenye kiti cha mtu.

"Bi Verity," alisema polepole. "Mwanamke asiyetaka kumshika mtoto wake haandiki jina lake ukutani."

Verity alitupa macho darini, kwenye chumba cha juu.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza.

"Saa sita kasorobo."

"Tavita!" Verity alipiga ukelele, na Mkuu wa Chuo, mwanamke ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona akitembea haraka, alipanda zile ngazi akiruka moja moja, Lorelle nyuma yake.

Harufu ya rangi mbichi iliwapokea mlangoni.

Walikuwa wamechelewa. Ndoo ilikuwa wazi. Brashi ilikuwa imelowa. Tavita alikuwa amesimama katikati ya chumba akijifuta mikono, na ukuta mzima ulikuwa unang'aa kwa weupe.

"Umefanya nini?" Lorelle alilia.

"Nimefanya kazi niliyotumwa," alisema Tavita. "Mkuu amesema anataka ukuta uwe mweupe. Hakusema upi."

Akasogea pembeni. Alikuwa amepaka ukuta wa mkabala. Wa jina ulikuwa haujaguswa na tone.

"Nifukuzeni," aliendelea. "Lakini kwanza njooni muone. Mmeondoka nikasema, penseli haiandiki neno moja tu ikaacha. Nikachukua sponji na maji ya uvuguvugu, nikavuta karatasi kidogo kidogo. Kuna maneno mengine. Sijayasoma kwa sauti. Hayanihusu."

Walisogea wote wawili, bega kwa bega, bila kupangana.

Maandishi yalishuka kuelekea sakafuni, yakizidi kuwa madogo, kama ya mtu aliyekuwa ameanza kuandika amesimama na kumaliza amelala. Lorelle ndiye aliyesoma, kwa sababu yeye ndiye aliyezoea ule mwandiko kwenye karatasi za vipimo, kwenye orodha za dukani, kwenye kadi za siku ya kuzaliwa.

"*Lorelle. Tarehe tisa Agosti. Wamesema amekufa. Hawajaniruhusu kumwona. Nimemsikia analia. Usiku kucha nimemsikia analia chumba cha pili. Nimegonga mpaka mikono imevimba. Wamesema ni paka. Mimi najua sauti ya mwanangu. Lorelle, mama yako yuko hapa.*"



Verity alipiga magoti. Alinyoosha kidole akagusa neno la mwisho, akalifuata herufi kwa herufi, kwa upole, asije akalifuta. Sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo sana kwa mtu mrefu kama yeye.

"Alikuwa anaimba?" aliuliza. "Hukunijibu siku ile. Akiwa anashona. Alikuwa anaimba?"

"Alikuwa anavuma tu," alisema Lorelle. "Mdomo ameufumba. Pini zilikuwa zimejaa mdomoni."

Verity alicheka huku machozi yanamtoka. Lorelle akapiga magoti kando yake, akamshika mkono, na mkono ule ukashikika.

"Dada," alisema Verity, kama anayeonja chakula asichokijua.

"Dada," Lorelle aliitika.

Tavita alijifanya anachunguza brashi yake. Pua ilikuwa inamchuruzika.

Wasomaji wenye moyo laini wangependa tuwaache hapo. Lakini Verity hakuwa mtu wa kuachwa hapo. Alijifuta uso kwa mkono wa koti na kusimama.

"Enid aliniambia Hazel alinigawa," alisema. "Na Hazel akaambiwa nimekufa. Mtu mmoja, vinywa viwili. Twende."

Enid Saltmarsh alikuwa na miaka themanini na minane na bado aliishi nyumba ile ile, chumba cha nyuma kinachotazama kaskazini ambako jua huingia mchana kutwa. Wanafunzi walimjua kama bibi wa kwenye kiti, anayesalimia kila mtu mara tatu. Akili yake ilikuwa imeanza kuondoka kidogo kidogo. Jina la waziri mkuu halijui, kama amekula hajui, lakini mambo ya miaka hamsini iliyopita anayasema kama ya jana.

"Mimi nitazungumza," alisema Verity walipofika mlangoni. Lakini mkono wake ulipogusa kitasa ulikwama hapo. Haukugeuka. "Siwezi. Nikimwona nitamkaba. Tangulia wewe."

Lorelle akatangulia.

Alikuwa bado amevaa aproni ya kazi, nywele amezifunga juu kwa kitambaa, vumbi la lipu limemjaa mashavuni. Jua la dirishani lilimpiga usoni. Verity alibaki kizingitini, kwenye kivuli.

Bibi Enid aliinua kichwa. Alimtazama Lorelle, na uso wake uliokuwa umelegea ukakaza. Mgongo ukanyooka. Miaka arobaini ilimtoka mwilini kama shuka linavyovutwa kitandani, na kwenye kiti kile akabaki metroni.

"Hazel," alisema. "Umerudi tena."

Nywele za Lorelle zilisimama. Alimtupia jicho Verity. Verity, uso kama jivu, akatikisa kichwa kidogo: usimkatalie.

"Nimerudi," alisema Lorelle.

"Nilikwambia usirudi. Mara ya kwanza nilikwambia kwa wema. Mara ya pili nilikuitia polisi. Unataka nini?"

"Namtaka mwanangu."

"Huna mwana." Bibi alisema bila ukali, kama daktari. "Wako alikufa, Hazel. Sikukudanganya. Alipumua mara chache, akaacha. Nilimzika mwenyewe bustanini, kwenye mawaridi, kabla hakujapambazuka."

Nyuma ya Lorelle, mtu alivuta pumzi na kuizuia.

"Uongo," alisema Lorelle, na hakuwa anaigiza tena. "Nilimsikia analia."

"Ulimsikia wa chumba cha pili. Wa yule msichana mwingine." Enid alipapasa blanketi la magotini, akililainisha. "Wewe ulikuwa umeandikishwa, wazazi wako walisaini kila kitu. Mtoto wako alikuwa na karatasi, hana uhai. Wa yule alikuwa na uhai, hana karatasi. Mimi nilikuwa nataka mtoto, Hazel. Nilikuwa nimewapokelea wengine mia moja na kidogo, na wote wakaenda. Nikaona, kwa nini karatasi iharibike? Nikampa yule mtoto karatasi ya wako."

Sauti ya seremala wa nje ilikuwa imekoma. Lorelle alihisi yule dada aliyempata robo saa iliyopita akimponyoka, na yule dada mwingine, wa kwenye mawaridi, akisimama mahali pake bila uso. Alitaka kukimbia. Badala yake alisogea, akachuchumaa mbele ya kiti, na aliposema, sauti iliyomtoka ilikuwa ya chini, ya mdomo uliozoea kubana pini. Aliitambua. Haikuwa yake.

"Metroni. Basi huyu uliyemlea ni wa nani?"

Bibi Enid alitazama kushoto. Akatazama kulia. Alimwinamia, na pumzi yake ilinuka maziwa ya moto.

"Funga mlango kwanza," alinong'ona. "Mwenyewe asije akasikia."

Verity akaingia kwa hatua za taratibu, akaufunga mlango nyuma yake, na kusimama kimya ukutani.